Tope la Kununua

Eti Ulaya na Japani kuna watu wazima wanaounda lori la jeshi la plastiki, kipimo cha 1/35. Likishang'aa, wanalichafua kwa makusudi: kutu wanaipaka kwa kipande cha sifongo, tope wananunua kwenye kichupa. Kichupa! Karibuni kwetu Rangwi, Lushoto, wakati wa masika. Mtoto wa hapa hukata bodi kwenye dumu la mafuta, magurudumu kwenye ndala iliyokatika, akalikokota mteremko mmoja tu; likifika bondeni limeshazeeka, madigadi mekundu tupu, na hajalipa hata senti.

Ila mabwana, nisaidieni kuhusu hao askari wadogo mnaowapandisha kwenye malori yenu ya plastiki. Kofia mmezipaka rangi, vifungo mmevihesabu. Mpagazi mmemweka wapi? Maana Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoiteka Wilhelmstal, yaani Lushoto yetu hii, vita vile vilibebwa na vichwa na mabega ya wapagazi, hasa pale lori lilipozama matopeni. Au mzigo wa kichwani ni mgumu kugandisha kwa gundi? Mkikosa mfano, nendeni Nairobi, Kenyatta Avenue: amesimama pale pamoja na askari, wa shaba.