Sifa za "Bado Mmoja"

Ndege iliyonileta kutoka Dar es Salaam ilivuka nchi kwa saa moja na nusu. Hiace ya Musoma ilitumia muda huohuo kuvuka geti la stendi. Wapo watakaosema ni aibu. Mimi nasema ni utulivu: ndege hukimbia kama mtu anayedaiwa, Hiace haidaiwi na mtu.

Anayeshuka kiwanja cha ndege cha Mwanza, kule Ilemela, hakuti basi la mikoani likimngoja mlangoni. Anakuta madereva wa teksi wanaomwita bosi, na nje zaidi daladala isiyomwita lolote ila "sogea, sogea nyuma". Hiyo itampitisha Pasiansi, chini ya mawe yaliyobebana vilimani kama abiria wa siti ya nyuma, mpaka aunganishe kwenda stendi yake: Nyegezi kwa wa Shinyanga na Geita, Nyamhongolo kwa wa Magu, Bunda na Musoma.

Nyamhongolo ndipo nilipopokewa na maneno mawili ninayotaka kuyasifu leo. "Bado mmoja, bosi! Tunaondoka!"

Na kweli gari lilikuwa limejaa. Nilipokwisha kulipa, abiria watatu waliokuwa wamesinzia wakaamka, wakashuka, wakaendelea na kazi yao ya kupiga debe. Msiwaseme vibaya. Walinikalia kiti kisipoe.

Hesabu hii hamkuisoma shuleni. Akipanda mmoja, bado mmoja. Akipanda mama na watoto watatu na ndoo ya dagaa, bado mmoja. Shirika la ndege likikukosa hulitangaza jina lako ukumbi mzima kama la mtoro, kisha likafunga mlango. Hiace haikujui jina, haijui kama una safari, pengine muda huo uko kwako unasonga ugali, lakini inakungoja. Ni nani mwingine duniani anayekutarajia namna hiyo?

Tena kungoja kwenyewe kuna riziki. Angani nilipewa chupa ya maji na biskuti. Pale dirishani yalinijia mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye karatasi, karanga, soksi, chaja, na dawa ya minyoo iliyoelezwa kwa kina wakati nakula yai.

Wa Geita nawahurumia. Zamani walikuwa na kivuko cha Kigongo na Busisi. Foleni ikiwa nzuri, mtu alipata kujua jirani yake anamwendea nani na kwa ugomvi gani. Tarehe 19 Juni 2025 wakafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Sasa wanapita dakika chache tu, hata salamu haijaisha.

Tulipoondoka tulikuwa wengi kuliko viti, jambo ambalo sheria inalikataza na konda anaiheshimu sana sheria. Kabla ya Magu akasema kwa sauti ya mtu anayeomba dua: "Wazee wangu, mliosimama, chuchumaeni kidogo, mbele kuna trafiki." Mzee mmoja mwenye koti la suti na kalamu mbili mfukoni akashuka taratibu, goti likalia, akajikuta uso kwa uso na kuku aliyekuwa miguuni pa bibi mmoja. Wakatazamana mpaka trafiki akabaki nyuma. "Pole, baba," bibi akamwambia. Sikujua anamwambia yeye au kuku.

Baada ya Lamadi barabara inapita pembeni mwa Serengeti. Watalii hulipa dola kuingia geti la Ndabaka. Sisi tuliwaona pundamilia bure, kupitia upenyo uliobaki kati ya kwapa la kijana mmoja na fremu ya dirisha. Niliona miguu tu, lakini ilikuwa na milia.

Bunda tukaambiwa gari haliendelei, tumebaki wachache, tunafaulishwa. Neno zuri hilo: darasa la saba nililitafuta kwa machozi, hapa nimelipata kwa kukaa tu. Tukabebana na mizigo hadi Hiace nyingine, bibi na kuku wake mbele. Niliinamisha kichwa nipite mlangoni, nikamsikia konda mpya nyuma yangu:

"Musoma, Musoma! Bado mmoja!"

Ndani kulikuwa na watu wawili, wamesinzia.