Mwongozo wa Hasira kwa Dereva Mpya wa Dar es Salaam

Hongera kwa kupata leseni. Umefundishwa gia na klachi, umekariri alama za barabarani mpaka ile ya ng'ombe. Jambo moja tu walikunyima: hawakukufundisha kukasirika. Na bila hasira, ndugu yangu, utatokaje Mbezi ukafika Posta asubuhi ya siku ya kazi? Mwongozo huu unaziba pengo hilo. Ufuate hatua kwa hatua. Kabla ya Ubungo utakuwa umeiva.

Hatua ya kwanza: Ondoka umechelewa

Hasira haimei kwa mtu mwenye nafasi. Kikao kikiwa saa mbili, nawe unajua njia hula saa moja na nusu, toka nyumbani saa moja kamili. Hapo kila bajaji itakayokatiza mbele yako itakuwa imetumwa na maadui zako. Ukitoka mapema, bajaji ileile itakuwa bajaji tu, na somo limeharibika. Ukifika Kimara, geuza macho kulia uitazame njia ya mwendokasi, ambayo tangu 2016 imelala pale, tupu na laini, kwa ajili ya watu wengine. Itazame kwa muda mrefu. Usijiulize kwa nini hukupanda basi.

Hatua ya pili: Usichomekewe

Gari likiwasha indiketa kuomba kuingia, msogelee aliye mbele yako mpaka bampa zisalimiane. Anayeomba usimtazame usoni. Kuna watu watakupigia hesabu: foleni ikienda kilomita 10 kwa saa, gari moja na nafasi yake ni kama mita 7, kwa hiyo ukimpisha mtu unachelewa sekunde mbili na nusu. Waambie hizo sekunde ni zako, umezitolea jasho. Ukizitunza vizuri njia nzima, utafika mjini na akiba ya kutosha kupiga miayo kwenye maegesho.

Hatua ya tatu: Tafuta mwenye makosa

Foleni haiji yenyewe. Lazima kuna mtu. Usikubali kuyumbishwa na wasomi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio walilofanya kwa magari 22 kwenye njia ya duara yenye mzingo wa mita 230. Madereva waliambiwa waende mwendo wa kawaida, kilomita kama 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, trafiki wala shimo. Baada ya muda foleni ikazuka: mmoja alipunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, wengine wakasimama kabisa, na kule kusimama kukawa kunapokezwa kurudi nyuma, gari hadi gari.

Habari za namna hii zinaua hasira, maana zinasema foleni inaweza kuzaliwa bila mkosaji, na kwamba anayeing'ang'ania bampa ya mwenzake, akikanyaga mafuta na breki kwa zamu, ndiye anayeinenepesha. Rudi kwenye hatua ya pili, kisha piga honi.

Honi yenyewe ina kanuni zake. Isikike kabla taa haijamaliza kugeuka kijani. Pale Magomeni, trafiki akiwa amenyoosha mkono kuuzuia upande wenu, piga vilevile. Huenda hajui kwamba mpo. Akigeuka kukutazama, tengeneza redio.

Hatua ya nne: Usishushe kioo

Hii ndiyo siri ya fani yote. Kioo kikiwa juu, pembeni yako hakuna mtu, kuna IST nyeupe, na IST haina mama wala heshima zake. Kishushe uone hasara. IST inageuka kuwa mama wa makamo mwenye ushungi, na mdomo uliokwisha kuandaa tusi unajikuta umesema, "Shikamoo mama." Naye anajibu, "Marahaba baba, hebu nipishe hapo, namuwahisha mtoto shule." Umekwisha. Mtu akishakuitikia marahaba hatukaniki tena. Na mji wenyewe ni huuhuu: unayemkunjia ngumi asubuhi unaweza kumkuta saa nne nyuma ya dirisha la ofisi, ameshika mhuri unaouhitaji.

Jihadhari zaidi na konda. Watu hudai daladala huingia kwa ubabe. Mara nyingi ni kweli, lakini mtazame konda mzoefu: kiwiliwili kiko nje ya mlango, mkono unapunga taratibu, "Bosi wangu, tupe hapo kidogo. Ubarikiwe, mkuu." Kwa maneno hayo amekupandisha vyeo viwili ambavyo kazini umevisubiri miaka, na mguu wako umeshakanyaga breki bila idhini yako. Kama kioo kingekuwa juu, ungesalimika.

Hatua ya tano: Shuka garini

Huu ndio mtihani wa mwisho. Umepigwa pasi, kioo cha pembeni kimekunjwa, rangi imechubuka. Usisogeze gari pembeni, usipige picha, usiulize kama kuna aliyeumia. Shuka, acha mlango wazi, anza na "Unanijua mimi ni nani?" Bodaboda watakuzunguka, kila mmoja shahidi, ingawa hakuna aliyeona. Muuza maji na muuza korosho watafanya biashara. Nyuma yako foleni itarefuka kuelekea Kimara, imejaa madereva waliofika hatua ya tatu. Siku nzima wamemtafuta mwenye makosa. Wamempata.

Kwa watakaofeli

Kila darasa lina wazito wa kuelewa. Hawa hutoka mapema. Wakienda kilomita 50 kwa saa wanakumbuka kwamba gari linakula mita 14 kila sekunde, basi wanaacha nafasi ya sekunde mbili na kuendelea na muziki wao. Wanasimama kwenye pundamilia. Wakipishwa wanainua mkono; wakikosea wanainua mkono vilevile na kusema samahani, hata wenzao wasiposikia. Ofisini wakiulizwa njia ilikuwaje, wanajibu "kawaida tu," wanavuta kiti na kuanza kazi. Hadithi hawana kabisa.