Kwetu Bado Haijasoma

Ukitaka kujua mifumo ya benki yako inaelewana kiasi gani, badilisha namba ya simu. Mimi nilibadilisha yangu baada ya simu kuchomolewa mfukoni ndani ya daladala ya Gongo la Mboto. Kuirudisha ile laini ya zamani haikuwezekana kwa kuwa ilisajiliwa kwa jina la shemeji, na hayo ya shemeji tuyaache. Nikaenda tawini na kitambulisho cha NIDA. Binti wa dirishani akanipokea vizuri, akachukua alama za vidole, akabonyezabonyeza, akasema: "Tayari baba, tumeshabadilisha." Nikatoka kifua mbele.

Jioni nikafungua programu ya benki kwenye simu mpya. Ikanijulisha, kwa adabu zote, kwamba imetuma namba ya siri kwenye laini yangu. Ipi? Ile ile aliyoondoka nayo kibaka. Nikarudi tawini. "Aa, hiyo ya simu ni mfumo mwingine baba, uko kwa watu wa kidijitali. Jaza fomu hii." Nikajaza. Kumbe kadi nayo ina mfumo wake. Mkopo una wake. Na ile bima waliyoibandika kwenye mkopo bila hata kuniuliza ina wake pia, tena huo haupo hata kwenye jengo lile. Kila dawati nikieleza kwamba wenzenu wameshabadilisha, naangaliwa kama mfiwa: "Pole mzee, kwetu bado haijasoma."

Foleni hainisumbui. Mtu aliyekulia zama za kupanga foleni ya sukari hatishwi na viti vya benki vyenye kiyoyozi. Kinachonichoma ni kwamba dada wa mikopo na kijana wa kadi wameketi ubavu kwa ubavu. Nimewaona kwa macho yangu wakigawana sambusa. Wanataniana, wanaazimana chaja. Kompyuta zao ndizo zisizosalimiana. Kwa hiyo natoka kwa dada na karatasi yenye namba yangu, nasogea hatua chache, namkabidhi kijana, naye anaichapa upya herufi kwa herufi. Akikosea tarakimu moja, ligi inaanza mwanzo. Benki ina seva, ina majenereta, ina bango kubwa barabarani la mama anayeichekea simu. Lakini waya unaounganisha idara zake ni mimi, mzee mwenye goti bovu.

Mpwa wangu anayesomea mambo haya chuoni ananiambia ugonjwa huo una dawa, na dawa yenyewe inaitwa usanifu wa mifumo ya taasisi. Nilidhani ni bidhaa mpya ya kuuzia semina. Kumbe ni ya siku nyingi. Mwaka 1987 bwana mmoja wa IBM, John Zachman, aliandika makala kwenye jarida la kampuni hiyo akichukua mfano wa wasanifu majengo. Nyumba ina mchoro anaoelewa mwenye nyumba, ina mchoro wa msanifu, ina mchoro wa fundi, na yote inaizungumzia nyumba ile ile. Kampuni nayo iwe na michoro yake: inafanya shughuli gani, inatumia taarifa zipi, programu gani inazishika, na nani anaongea na nani. Wamarekani wakafika mahali pa kuliweka jambo hili kwenye sheria: tangu 1996 wakuu wa teknolojia katika idara za serikali yao wanatakiwa kuwa na usanifu wa namna hiyo.

Sasa huyu msanifu wa mifumo ni mtu wa kuudhi, na nadhani ndiyo maana haajiriwi, au akiajiriwa anawekwa chumba cha nyuma karibu na stoo. Anauliza maswali mabaya. Namba ya simu ya mteja inatunzwa wapi hasa? Ikibadilishwa hapo, wengine wote wanaipataje? Na kabla hatujanunua hii programu mpya, ile ya zamani inayofanya kazi hiyo hiyo tunaizika lini? Mkurugenzi gani anataka kusikia hayo wiki ya uzinduzi? Uzinduzi una utepe, una mkasi, una mgeni rasmi, una fulana za bure. Mchoro hauna fulana. Ndiyo maana benki yangu ina roboti la kuchati lenye jina la binti, wakati mifumo yake haijafahamiana. Nililiandikia kwamba nataka kubadilisha namba. Likajibu papo hapo: "Nimefurahi kukuhudumia! Tafadhali tembelea tawi lililo karibu nawe."

Kuna mwingine, Melvin Conway, aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi yoyote ikibuni mfumo, mfumo huo utafanana na namna watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Hapo ndipo nilipoelewa. Sambusa zinagawanwa huku chini. Huko juu, baina ya mkuu wa mikopo na mkuu wa kadi, hakuna sambusa.

Na msidhani ni sisi peke yetu. Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB iliwahamishia wateja wake kwenye mfumo mpya mwishoni mwa juma. Watu wakafungiwa nje ya akaunti zao, wengine wakawa wanachungulia akaunti za wenzao. Vurugu ile haikuisha kwa siku moja, mkuu wa benki akaondoka mwaka huo huo, na mwaka 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Sasa naumia kusema hili, maana serikali huwa naisema vibaya kila wiki: kwenye malipo imeizidi benki yangu. Zamani ulikuwa unalipa benki, unabeba stakabadhi ya benki hadi ofisini, unasubiri mwenye kitabu cha risiti arudi kutoka chai. Tangu 2017 ulipoanza mfumo wa GePG, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, na ofisi inaona yenyewe kwamba umelipa. Mtu alikaa akachora, akaamua lango liwe moja na kila taasisi ije ijiunge nalo. Ndiyo, siku lango likisinzia tunasinzia wote. Lakini walau sibebi karatasi.

Kwa hiyo wakurugenzi wa mabenki, bima na wote mnaoandaa uzinduzi mwingine mwezi huu, nawaomba jambo moja kabla ya kukata utepe. Mmoja wenu abadilishe namba yake ya simu, aende tawini bila kujitambulisha, aanzie dirishani mpaka kwa watu wa bima. Aende na kalamu yake. Ile iliyofungwa kwa kamba pale dirishani haina wino.