Pesa Iliyolala: Mwongozo wa Kuizalisha Ukiwa Kisangani

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mmoja tu: mkazi wa Kisangani mwenye dola mia tano ambazo hana haja nazo mpaka Septemba, shule zitakapofunguliwa. Kama huna dola mia tano, soma hivyo hivyo. Unaye shemeji anazo, na pengine ukimaliza utajua amezificha wapi.

Anza kwa kumpigia simu mpwa wako wa Kanada. Ukoo unaojiheshimu haukosi mmoja huko, kama si Montreal basi Ottawa. Siku hizi kijana anateseka. Ameuza hisa zake, fedha imekaa kwenye akaunti ya dalali wa hisa, na dalali hampi hata senti, ilhali yeye mwenyewe anaiweka benki na kula riba yake. Anakueleza kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa nyumba usiku. Bahati nzuri dawa ameipata. Kwenye soko la hisa la Toronto kuna mfuko wenye alama CASH, unaouzwa vipande vipande kama hisa, kila kipande kama dola 50 za Kanada. Mfuko unakusanya pesa za watu, unaziweka kwenye mabenki makubwa, na kila mwezi unawagawia riba. Akihitaji pesa yake anauza, na siku ya kazi inayofuata malipo yamekamilika. Utaratibu huo wa siku moja umeanza Mei 2024. Kilio chake kilichobaki ni kwamba riba imeshuka: benki kuu ya Kanada ilikuwa imeipandisha hadi asilimia 5 Julai 2023, na kufikia Oktoba 2025 ilikuwa 2.25. Mpe pole. Pesa yake inalala vizuri kuliko yeye.

Kisha muulize kama madalali hao wanamfungulia akaunti mkazi wa Mangobo, hapa Kisangani. Atakohoa, atasema mtandao ni mbaya, na mazungumzo yataishia hapo.

Sasa turudi nyumbani. Huko Kanada pesa hulala kimya. Hapa kwetu hukoroma, na mtaa mzima husikia. Umepokea dola zako kwa wakala wa simu Jumamosi asubuhi, ukapanda toleka kurudi nyumbani. Kabla hujashuka, mwendesha baiskeli ameshakupa pole ya ugumu wa maisha kwa namna ya mtu anayesubiri kuulizwa yake. Jumapili baada ya misa anatokea binamu uliyemwona mara ya mwisho kwenye matanga. "Yaya, nilikuwa napita tu, nikasema nikusalimie." Ametembea kutoka Kabondo mpaka Mangobo, jua la ikweta utosini, napita tu! Mtoto wake ana homa. Mtoto kweli ana homa, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mwongozo wowote wa fedha unakwama mbele ya mtoto mwenye homa.

Wazo la kwanza la kila mtu ni godoro. Nawaachia wazee walijibu. Krismasi ya 1979 Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10, akawapa watu siku chache na kiwango maalumu cha kubadilisha. Waliokuwa na magunia walibaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 franka moja ikachukua nafasi ya zaire mpya laki moja. Piga hesabu mwenyewe: aliyelalia zaire za zamani bilioni 300 aliamka na franka moja. Na hiyo franka, iliyoanza ikiwa chini ya moja na nusu kwa dola, mwisho wa 2022 ilikuwa kama 2,000 kwa dola, na mwaka mmoja baadaye ikapita 2,600.

Ndiyo maana wenye akili hulalia dola. Lakini dola ya Kisangani ina afya dhaifu. Unyevu wa mto unaingia godoroni, noti inapata doa. Mpelekee kambiste, mbadilisha fedha, pale barabarani, chini ya mwavuli wake, na mirundo ya franka iliyofungwa kwa mipira mezani. Haangalii namba kwanza. Anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kola ya koti la Benjamin Franklin, akisikiliza mikwaruzo ya wino. Anainyanyua juani. Anafuata kingo zote nne polepole, na penye mchaniko usiofika unene wa punje ya mchele anasimama, anakurudishia noti kwa huzuni ya daktari. Anaweza kuichukua, lakini kwa bei nyingine. Hapo dola mia imeugua bila kutoka chumbani kwako.

Nenda benki, basi. Benki zipo, na majengo yao pale Makiso yana ubaridi wa kupendeza. Hata kama huweki kitu, foleni peke yake ni mapumziko. Umesikia kwamba Agosti 2023 Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake hadi asilimia 25, na kwamba hata ilipoishusha Oktoba 2025 ilibaki 17.5. Umeshajumlisha kichwani: dola mia tano, robo yake... Usiseme hesabu hiyo kwa sauti. Riba ile inawahusu wenye mabenki wanapokopa kwa Benki Kuu, tena kwa franka. Wewe unatoka na nguo ya kanisani kuomba riba ya dola, na dola ndizo karibu tisa kwa kumi ya amana zote za nchi, kwa hiyo hakuna anayekukimbilia. Watakueleza kuhusu akaunti ya muda maalumu, na kiwango cha chini kinachotakiwa kitakufanya uangalie viatu vyako. Akaunti ya kawaida ina ada ya kila mwezi. Tuseme ni dola tatu: weka mia tano Machi, njoo Septemba, utakuta 482. Umelipia ubaridi.

(Serikali nayo inakopa. Tangu Oktoba 2019 Hazina imekuwa ikiuza hati za deni, na wanaozinunua hasa ni hayo hayo mabenki. Pesa yako inazaa kabisa, ila mtoto anaandikishwa kwa jina la mwingine. Dalali wa Kanada angejisikia nyumbani.)

Anayestahili heshima zaidi katika uchumi wetu ni mama karte. Huyu anapita kila siku kwenye meza yako sokoni na daftari lake na kadi yenye vyumba 31. Unampa kiasi kile kile kila siku, tuseme franka 2,000, anatia alama. Mwisho wa mwezi umempa 62,000 na anakurudishia 60,000. Ya siku moja ni yake. Mpwa wako akipiga hesabu atapiga na yowe, maana kwa wastani pesa yako iliyokaa kwake ni kama 32,000 tu, kwa hiyo umemlipa zaidi ya asilimia 6 kwa mwezi ili akae na mali yako. Kwao mtu angeshtakiwa. Kwetu anasubiriwa, na akichelewa watu wanaingia wasiwasi.

Msimcheke. Mama karte anawauzia kitu ambacho soko la Toronto halina: uwezo wa kumtazama binamu wa Kabondo machoni na kusema "sina," bila kutenda dhambi. Kwa franka 2,000 kwa mwezi mimi naona ni bei nafuu. Kuna wanaosema wajinga ndio waliwao; hao hawajawahi kuwa na shangazi.

Kama unataka riba hasa, riba yenye meno, jiunge na upande wa Banque Lambert. Usitafute jengo lake, hana. Ni jirani yeyote mwenye akiba na roho ngumu, anayemkopesha mwalimu dola 100 tarehe kumi ili mshahara ukitoka arudishiwe 150. Tangu serikali ilipoanza kupitishia mishahara benki, mwaka 2011 na 2012, wapo wanaodai kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Asilimia 50 kwa mwezi! Benki kuu zote za dunia zikae chini zijifunze. Tatizo ni moja dogo: wanaohitaji mkopo wako ni wale wale wanaojua unapolala. Mwezi wa kwanza utalipwa. Mwezi wa pili utaambiwa mshahara haujatoka, na ni kweli. Mwezi wa tatu mdaiwa atakuwa amemposa mdogo wako wa kike, na hapo deni litaitwa sehemu ya mahari.

Ukiona hapo ni pagumu, jihadhari na anayekuahidi pesa nyepesi zaidi. Wenye umri wanalikumbuka jina la Bindo, aliyewachukulia watu wa Kinshasa akiba zao akiahidi kuzizidisha ndani ya wiki chache, mpaka mchezo ulipoporomoka 1991. Wajukuu zao wanaambiwa maneno yale yale kwa WhatsApp.

Inabaki likelemba. Mko kumi, kila mmoja anatoa dola 50 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba 500. Riba ni sifuri, na hakuna anayelalamika. Siri ni zamu. Anayebeba mwezi wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bure. Anayebeba wa mwisho amewakopesha wote bure, na kama mnacheza kwa franka, 2023 angebeba mzigo uliopungua thamani njiani. Kwa hiyo omba namba moja. Wote kumi wataomba namba moja. Mama mwenyekiti atasikiliza kwa upole, atataja harusi, kilio na upasuaji, na mwisho wake namba moja itakuwa yake.

Ukipangiwa ya pili, beba dola zako siku hiyo hiyo na ununue matofali. Tofali halikoromi, halichaniki, kambiste halitaki. Yapange nyuma ya nyumba na uandike herufi za jina lako kwa mkaa. Yakae hapo mpaka Septemba, mkuu wa shule atakapokujulisha kwamba anapokea pesa taslimu tu. Uza haraka, na usiringe kwenye bei. Mnunuzi hatakusumbua kumtafuta: ni mama mwenyekiti, anajenga.