Sifa za Mchagua Nazi

Waswahili wametuonea sisi wachaguzi. Wametutungia methali mbili za kutusimanga, na zote hufundishwa watoto wa shule ambao hawajawahi kununua hata kiberiti: mchagua jembe si mkulima, na mchagua nazi hupata koroma. Hakuna aliyemfuata huyo mchagua nazi akamsikiliza. Huenda alikuwa akizitikisa moja moja sikioni, anasikiliza maji, ilhali wenzake waliookota ya juu kwenye rundo walifika nyumbani, wakavunja, wakakuta imeoza. Hao waliokula hasara kimyakimya hawakutungiwa methali.

Basi leo nimejitokeza kuwasemea wachaguzi, na uzoefu ninao. Huu ni mwaka wa tatu nachagua laptopu. Sijapumzika ila sikukuu, na katika muda wote huo sijanunua laptopu mbovu hata moja. Mjini hapa ni wangapi wanaoweza kusema hivyo?

Chombo changu cha kazi ni kaunta buku ya kwaya mbili. Kila ukurasa nimeupiga rula: jina la mashine, prosesa, kizazi, RAM, diski, kioo, betri, uzito, bei. Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni ule wenye ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5. Zote tatu ni za prosesa ya kizazi cha nane, vioo vyake vyote ni inchi 14, na zote zilikuwa za maofisini kwa watu kabla ya kuvuka bahari kuja kutafuta maisha Kariakoo. Iliyo nzito inaizidi iliyo nyepesi kwa uzito usiofika robo kilo. Robo hiyo nimeishughulikia miezi minne. Mama watoto aliniambia robo kilo ni sukari ya chai ya siku mbili, na yeye hajawahi kuifikiria zaidi ya dakika moja. Lakini yeye, Mungu amsamehe, ni mtu wa kununua.

Angejua elimu iliyomo humu asingesema. Mwanzoni hata mimi nilikuwa kama wengine, nikiona i7 moyo unadunda. Kuchagua kukanifungua macho. Ukikuta imeandikwa i5-8250U, hiyo 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi, na U ya mwishoni inakuambia prosesa hiyo imetengenezwa kula umeme kidogo. Ingekuwa H, ni ya kazi nzito pamoja na joto lake. Sasa iweke karibu na i7-7500U, ya kizazi cha saba. Jina ni kubwa, lakini ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Ile i5, iliyotoka mwaka 2017, ina vinne. Saba imezidiwa na tano, na kibandiko kinachoitangaza saba hiyo kinabanduka kwa ukucha na kubandikwa popote. Tangu nilijue hilo, bwana akijitambulisha kwangu kwa cheo kikubwa, namuuliza moyoni: kizazi gani?

Tena elimu hii haina mahafali. Nilikuwa nimeshazikariri namba zote ilipofika Desemba 2023, Intel wakaanza kuziita prosesa zao mpya Core Ultra na kuzihesabu upya. Mnunuzi angekasirika. Mimi nilirudi darasa la kwanza nikiwa na penseli mpya.

Wala msidhani shughuli yetu haina nasaba. Mwaka 1981, huko Marekani, ilitoka Osborne 1, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kubebeka zilizouzwa kwa wingi. Bei yake ilikuwa dola 1,795. Uzito wake kama kilo 11, kioo chake inchi 5, na betri haikuwa nayo. Wataalamu wetu wa lugha waliita laptopu kompyuta mpakato kwa kuwa hupakatwa mapajani kama mtoto. Hiyo ya Osborne ukiipakata umepakata mtoto aliyekwisha kuanza kukimbia. Watu waliinunua hivyo hivyo. Kisha, mwaka 1983, zikaenea habari kwamba kampuni ina nyingine njiani, iliyo bora zaidi. Wateja wakarudisha pochi mfukoni, wakasema tungoje. Septemba ya mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Wapo wanaobisha kwamba yalikuwepo na mengine yaliyoiangusha, na mimi sitabishana nao. Nasema tu kwamba hadi leo, kampuni inapotangaza kitu kipya mapema ikajiharibia mauzo ya kile cha zamani, wafanyabiashara hulitaja jina la Osborne. Wanunuzi walimpa bwana Osborne fedha. Sisi wa tungoje ndio tuliomwingiza kwenye kamusi.

Kuchagua ni siha pia. Jumamosi naenda Kariakoo. Nikikanyaga tu Msimbazi, winga ananidaka: “Shikamoo mzee wangu. Laptopu? Twende chimbo, bei ya kule si ya huku.” Winga hana duka, ana miguu. Bei ya chimbo ikiwa laki sita, ikipita mdomoni mwake inatoka laki saba. Namfuata hivyo hivyo, kwa kuwa daktari aliniagiza nitembee.

Jumamosi moja alinipandisha ghorofa ya tatu, kwenye chumba kidogo kama stoo ya unga. Kijana wa duka akaniwekea T480 juu ya kaunta. Plagi ya chaja ilikuwa ya miguu miwili ya mviringo, ya huko Ulaya bara. Akachukua peni, akaichomeka kwenye tundu la juu la soketi ili matundu ya chini yafunguke, akasukuma plagi, ikaingia. Mashine ikawaka. Kibodi ilikuwa ya Kifaransa: palipotakiwa Q pamekaa A.

“Hiyo unazoea tu, mzee,” winga akasema.

“Betri je?”

“Saa tano, haki ya Mungu.”

Nikamwomba kijana anipishe kidogo. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport, nikihangaika kuutafuta mkwaju kwenye kibodi ya wenyewe. Ripoti ikaja. Ndani yake mna mistari miwili inayosema kweli kuliko kiapo: uwezo ambao betri ilizaliwa nao, na uwezo iliobakiwa nao. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa kwa nyuma. Ile ya ndani ilibakiwa na nusu, ya nyuma na theluthi. Winga akatazama dari. Mimi nikatoa kaunta buku, nikaandika vyote taratibu, kwa mwandiko mzuri.

Kijana wa duka alinisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, kwa heshima zote: “Kwani mzee, unataka mashine ya kazi gani?”

Nikayapitia majedwali yangu kichwani. Yana safu tisa. Hiyo haimo. Nikaifunika mashine, nikamuuliza kama wanayo ya rangi ya fedha.

Sikumdharau kijana, swali lake ni la biashara. Lakini mtu anayejua kuchagua hafiki huko. Mimi nimekusudia kuandika kitabu, historia ya mtaa wetu tangu ukiwa mashamba ya minazi, na kitabu hicho kinangoja mashine inayokifaa. Siku nitakayonunua, jioni yake nitatakiwa kukaa nikiandike, na hapo ndipo kitakapoanza kuharibika. Kwa sasa ni kitabu kizuri sana. Hakina sentensi mbaya hata moja.

Na tazameni baraka za fedha isiyoamuliwa. Laki saba za laptopu ziko kwenye bahasha kabatini, au tuseme zilikuwa zinaishi humo. Zimetoka mara ya kwanza kwa mchango wa harusi ya mpwa wangu, zikarudi. Zikatoka kwa ada ya muhula, zikarudi pungufu. Zikatoka kwa mabati sita, tukaezeka choo cha uani. Laptopu gani iliyonunuliwa imewahi kuezeka choo? Ningenunua mwaka ule wa kwanza, fedha hizo zingekuwa zimekaa mezani zikinitolea mwanga usoni.

Hata usalama tumepewa. Ukurasa wa tatu wa kaunta buku una mashine ya kizazi cha sita niliyokaribia kuinunua mwaka 2023. Nilikuwa nimeshahesabu noti. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 kwa masharti yao inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Mashine yangu ya ukurasa wa tatu ikabaki nje ya mlango. Nilimwita mama watoto aone jinsi nilivyonusurika. Akaniuliza: “Kwa hiyo ungeitumia miaka miwili kabla ya hapo?” Kuna maswali ambayo mtu huulizwa kwa sababu tu muulizaji ana kazi jikoni na anataka mazungumzo yaishe.

Mtaani nimekuwa mtu. Mwalimu wa sekondari alikuja na daftari, nikampa somo la SSD na diski ya kuzunguka, nikamwonya dhidi ya kioo cha 1366 kwa 768, akaenda akanunua. Katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana naye akanunua. Fundi cherehani anayetaka kuchora mitindo akanunua, na alinikalisha na maswali hadi saa tano usiku. Wote wanaendelea vizuri na hawaji tena. Kinyozi hajinyoi, lakini mtaa mzima una nywele safi.

Sasa niwaeleze yaliyompata binti yangu, ili mjue hatari ya njia nyingine.

Alikuja likizo, akasema anahitaji laptopu. Nikafurahi, nikaona ukoo umepata mrithi. Nikampa kaunta buku. Akaifunua kurasa mbili tatu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu. “Baba, mimi naandika ripoti, nafungua intaneti, napiga hesabu kwenye majedwali. Na mashine nitaibeba kwenye mwendokasi kila siku. Basi.” Tukaenda pamoja. Akasalimia, akataja fedha aliyonayo. Alipoletewa T480, akaandika mistari mitatu kusikia kibodi, ya Kiingereza hii, akauliza kama RAM imechomelewa ubaoni au inachomolewa. Fundi akafungua kifuniko cha chini, akamwonyesha nafasi mbili, moja tupu. Gigabaiti nane zinamtosha leo, akasema, na siku zisipotosha ataongeza. Betri ya nyuma ilikuwa imechoka. Akaomba wambadilishie, wakambadilishia. Akauliza gharantii, akapewa mwezi mmoja kwa maandishi. Laki sita na nusu. Kutoka kukanyaga ngazi hadi kushuka nayo, dakika arobaini, na kumi kati ya hizo zilikuwa zangu, nilikuwa naulizia uzito.

Maskini binti yangu. Tangu siku ile kila jioni namkuta ameinama mezani, anafanya kazi. Ripoti ya kwanza ameimaliza na kuituma, ameshaingia ya pili. Hana tena Jumamosi, hana winga anayemjua kwa sauti. Hajui kwamba kuna nyingine imeshuka bei, na nilipomwambia alisema, “Sawa baba,” bila hata kuinua uso. Mtu mwenye mashine moja anayo hiyo moja, na kasoro zake anazijua. Mimi ninazo zote za Kariakoo, na hakuna hata moja iliyowahi kunizimikia.

Juzi usiku alilala mapema, akaiacha mezani imefunguliwa. Nikakaa mbele yake, nione tu kioo. Karatasi nyeupe ilikuwa imejaa kioo kizima, na kile kimstari kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Vidole niliviweka juu ya kibodi. Nikakumbuka mnazi mmoja uliokuwa nyuma ya msikiti wa zamani, uliopinda kama mgongo wa mzee, na jinsi tulivyokuwa tukiupanda wenyewe wakiwa wamelala. Nikavitoa vidole. Kibodi ilikuwa nzuri, ingawa funguo zake, kwa maoni yangu, zingeweza kuwa na kina zaidi kidogo. Hilo nikaenda kuliandika kwenye kaunta buku, nikakuta nafasi imekwisha, mpaka ndani ya jalada.

Asubuhi nikaenda duka la vifaa vya shule. “Shikamoo mzee,” akasema dada wa duka. “Kaunta buku zipo. Unataka ya kwaya mbili au ya kwaya tatu?”

Nikamwomba aniteremshie zote mbili, nizishike kwanza.