Kirusi Kimehamia Nyumbani Kwangu

Tangu mtoto wa mdogo wangu aanze kusoma Kirusi, nyumba yangu haina tena kitu kisichobandikwa karatasi. Mlango una karatasi. Ndoo ina karatasi. Pipa la mawese, ambalo ndilo linalolipa ada yake, nalo lilibandikwa karatasi yenye maandishi ambayo mama watoto aliyatazama, akaamua kuwa ni onyo la sumu, akaenda kununua mafuta kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa ameyanunua kwangu. Nimeyanunua tena mafuta yangu, na kwa bei ya juu.

Kijana anataka kuwa padri wa Kiorthodoksi. Kwa hilo sina neno. Kabonga hii yetu ya Burundi, mwambao wa Nyanza-Lac, mpaka wa Tanzania ukiwa hapo tu, haina upungufu wa dini: Wakatoliki wapo, Wapentekoste wapo, Waadventista wapo, Waislamu wapo na adhana yao, na wapo wa mikesha wenye vipaza sauti, ambao Mungu wao sijui nani aliwaambia ana uziwi. Akiongezeka padri mmoja, ziwa halitafurika kuliko lilivyokwisha kufurika.

Ninacholalamikia ni njia ya kufikia upadri huo. Chuoni kwake Bujumbura wamemwambia kwamba mlango wa seminari za Urusi ni Kirusi, basi kila likizo anarudi na mlango huo mgongoni. Usiku wavuvi wanapotoka na taa zao kuwatafuta ndagala, yeye huanza kukariri. Ndagala huvuliwa usiku usio na mwezi. Kirusi, nimegundua, huvuliwa usiku wowote.

Herufi ni 33. Baadhi tunazijua kwa sura, ila zimebadili kazi bila kuaga: P inasomwa R, H inasomwa N, C ni S, B ni V. Ipo moja isiyo na sauti yake kabisa; inakaa nyuma ya mwenzake na kumlainisha tu, kama mshenga. Halafu majina hubadilika mkia kufuatana na yanayompata mwenye jina. Kijana alinieleza kwa furaha: nikipewa kitu, jina langu lina mkia huu, kitu kikiwa hakipo, jina la kitu hicho linachukua mkia ule. Nikamwambia asijisumbue na ile mikia mingine yote, anifundishe huo wa vitu visivyokuwapo, maana ndio nitakaoutumia humu ndani.

Lakini lililonichekesha, na mimi sicheki ovyo, ni kitenzi cha kwenda. Warusi wana kimoja cha kwenda kwa miguu na kingine cha kwenda kwa chombo, na ukivichanganya mwalimu anakukata alama. Kijana alihangaika navyo wiki nzima. Nikamuuliza, mwanangu, tangu lini vituo vya Burundi vikawa na mafuta hata usumbuke na hicho cha pili? Kutoka hapa hadi Rumonge siku hizi mtu anasubiri gari mpaka anasahau alikuwa anaenda kufanya nini. Shika cha miguu, kitakutosha mpaka upate pasipoti.

Mtu pekee ambaye kijana anaweza kuzungumza naye Kirusi ni mzee mmoja wa Rumonge tunayemwita Injinia. Huyo alisoma Moscow zamani, kwenye kile Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilichoanzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa ameuawa Januari ya mwaka huo huo. Jina hilo waliliondoa 1992, wakalirudisha 2023. Majina ya watu wetu kule huenda likizo na kurudi. Nilimpeleka kijana kwa Injinia na samaki wawili wa mukeke, nikitumaini kupumzika jioni moja. Mzee alikula mukeke, akafuta mdomo, akamwambia kuwa Kirusi chake kilikuwa cha saruji, nondo na foleni ya mkate. Habari za Mungu hawakumfundisha. Enzi hizo serikali ya kule ilikuwa inafundisha kwamba hayupo. Leo kijana wetu anakwenda kumtafuta huko huko, kwa lugha ile ile. Injinia alicheka mpaka akapaliwa na mwiba.

Nikauliza: kwa nini Urusi? Waorthodoksi wa Burundi tuliwajua kuwa Wagiriki wa maduka, na kanisa lao liko chini ya Patriarki wa Aleksandria. Nairobi, pale Riruta, kuna seminari ya Kiorthodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Saiprasi, wanakosoma vijana wa nchi nyingi za Afrika, na huko mtu anafika kwa basi. "Baba mkubwa," akanijibu kwa sauti ya chini, "ile ni ya upande mwingine." Upande upi? Ndipo nikaelezwa. Novemba 2019 Patriarki Theodoros wa Aleksandria alilitambua Kanisa jipya la Ukraine, lisilo chini ya Moscow. Moscow ikanuna. Desemba 29, 2021 Sinodi ya Moscow ikaunda Eksarkia, yaani jimbo lake la kikanisa kwa Afrika, ikawapokea mapadri 102 wa nchi 8 za bara hili. Basi wakubwa wamegombana kule Kyiv na Moscow, na ugomvi wao umekuja kubandikwa kwenye ndoo yangu ya kuogea.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni siku aliponiambia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba ibada zenyewe huko hazisomwi kwa Kirusi. Zinasomwa kwa Kislavoni cha Kanisa, lugha ya kale ambayo hata Mrusi wa sokoni haishiki vizuri. Kwa hiyo akimaliza hiki ataanza kile! Pipa la mawese lilikuwa karibu, nikalishika nisianguke.

Na hizo herufi nazo, mwajua zilikotoka? Mwaka 863 ndugu wawili wa Thesalonike, Sirili na Metodi, walitumwa kuwahubiria Waslavoni wa Moravia. Hawakuwaambia watu wajifunze Kigiriki kwanza. Wao ndio walioishika lugha ya wenyeji, wakaitungia maandishi, wakawatafsiria ibada. Wanafunzi wao huko Bulgaria ndio baadaye waliotengeneza herufi hizi za ukutani kwangu, zikapewa jina la Sirili. Yaani herufi zenyewe zilizaliwa ili mtu asali kwa lugha ya mama yake.

Na hapa kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, akakaa chini kujifunza Kiswahili mpaka akakiandikia kamusi. Mapadri Weupe walifika Rumonge 1879, na miaka miwili baadaye, Mei 1881, watu wao watatu wakauawa hapo hapo. Waliokuja baada yao hawakukata tamaa ya Kirundi. Wasweden wa Kipentekoste walifika Kiremba miaka ya 1930, nao wakahangaika nacho, na mtu aliyezaliwa kwenye theluji akihangaika na Kirundi anastahili taji kabla hajafa. Wageni wote hao walijifunza sisi tunavyosema. Leo mtoto wa Kabonga anataka kuwahubiria watu wa Kabonga, na njia aliyoonyeshwa inapita Urusi, inazunguka Kislavoni, ndipo irudi hapa kwa mama muuza ndagala anayetaka kuambiwa kwa Kiswahili kwamba mume wake aliyezama atafufuliwa.

Nilimwomba Jumapili moja atuombee chakula. Akaanza Kirundi, akachanganya Kifaransa, akakwama, akamalizia kwa Kirusi. Ugali ulipoa. Mama watoto akasema amina, lakini macho aliyaelekeza kwangu.

Kijana anajitetea, na sitamnyima haki yake: vitabu vya teolojia vilivyoko kule ni vingi, masomo atalipiwa, na kanisa la hapa halijampa hata penseli. Hilo la penseli ni kweli, na Waorthodoksi wa pande zote mbili walisikie. Liturujia ya Kiswahili ipo tayari, Kenya na Tanzania wanaisoma. Anayepungua ni wa kumfundisha kijana huku huku, bila kumvalisha koti.

Akienda, aende. Hukumu yangu ni moja: ibada ya kwanza atakayoisoma akirudi iwe ya Kiswahili, tena isizidi saa moja, la sivyo ataisoma mwenyewe kwa pipa. Na kwa kuwa nimetaja koti, ndugu msomaji, kama unalo la baridi kali, la kijana mrefu mwembamba, usilipeleke mitumba ya Rumonge. Lilete Kabonga, uliza kwa muuza mawese. Nitakulipa kwa mafuta, na karatasi nitakuwa nimeshaibandua.