Gitega Mwana wa Gitega

Burundi mkoa, tarafa na mji vinaweza kuwa na jina moja na asipotee mtu. Anayesema anakwenda Gitega hujulikana atashukia wapi. Kompyuta ndiyo haijui, na haina aibu ya kutojua.

Ofisi ya vifurushi ninayoiandikia matangazo inahudumia Gitega na Muyinga, na tovuti yake imetengenezwa kwa PHP. Lugha hiyo Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 ili afahamu nani anasoma wasifu wake mtandaoni. Sidhani kama aliziwazia tarafa zetu. Mpango ulikuwa mwepesi: kila mkoa ukurasa mzazi, kila tarafa ukurasa mtoto, na juu ya kila ukurasa mstari wa viungo wa kumrudisha msomaji juu: Nyumbani, Gitega, Giheta. Ili kuupata mstari huo, programu humwuliza mtoto mzazi wake nani, kisha humwuliza mzazi naye wake nani, mpaka imfikie asiye na mzazi.

Mzazi huandikwa kwa namba. Fundi wetu, kijana mwerevu anayeamini kwamba namba hazina utu, aliwaandika wazazi kwa majina. Giheta haikuleta shida. Ikaingizwa tarafa ya Gitega. Mzazi wako nani? Gitega. Programu ikaenda kwenye jedwali kumtafuta Gitega, ikamkuta yuleyule iliyetoka kumhoji. Haya, na wewe mzazi wako nani? Gitega. PHP ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida huivumilia programu sekunde 30 kabla ya kuikata, na sekunde 30 kwa seva ni umri mzima wa kuropoka.

Mwenye ofisi, Alhaji mmoja wa Muyinga, ndiye aliyeufungua ukurasa huo, tena mbele ya wageni waliovuka mpaka wa Kobero kutoka Ngara, Tanzania. Simu ikanifikia mimi.

"Mwanangu, nini hiki? Nasukuma kwa kidole mpaka kimechoka, Gitega haiishi!"

"Hitilafu ndogo tu, Mzee."

"Ndogo? Imemaliza bando langu lote. Mwaka 2019 makao makuu ya nchi yamehamia Gitega, tumenyamaza. Sasa na megabaiti zetu pia?"

Fundi akarudi kwenye namba, shingo upande, na kwa muda kila mtoto akakaa kwa mzazi wake. Kisha ukafika mwaka 2025. Mikoa 18 ikapunguzwa ikawa mitano, na Muyinga, pamoja na Cankuzo na Ruyigi, ikaingia katika mkoa wa Buhumuza. Kwenye jedwali kazi ilikuwa kubadili namba chache. Fundi akaona wepesi zaidi ni kuufuta mkoa wa Muyinga, bila kuwauliza watoto wake wataishi kwa nani. Gasorwe na Gashoho wakabaki yatima: kurasa zipo kwenye seva, hakuna kiungo kinachofika kwao, na mteja aliyeiandika anwani ya zamani, iliyokuwa bado imechapwa kwenye risiti, aliambiwa 404. Mmoja alidhani ndiyo namba ya kifurushi chake, akaja nayo dirishani.

Viungo viliporekebishwa, Alhaji aliletewa kazi aikague. Akausoma mstari wa juu polepole: Nyumbani, Buhumuza, Muyinga.

"Kwa hiyo sisi sasa ni watoto, na mkoa unakaa Cankuzo."

"Ndivyo serikali ilivyopanga, Mzee," fundi akasema.

"Sawa. Na huyu Nyumbani, naye serikali ndiyo iliyompanga?"

"Hapana, huyo ni ukurasa wa kwanza tu. Jina nimeweka mimi."

"Basi mwite Muyinga."

Fundi alifungua mdomo aeleze, kisha akakumbuka kwamba nusu ya malipo yake bado iko kwa Alhaji. Siku hizi mstari unasomeka Muyinga, Buhumuza, Muyinga. Namba za wawili hao ni tofauti. Nilihakikisha mwenyewe kabla ya kufungua, kwa bando la ofisi.